Namna ya kuchukua stori za wazee wa ushago kabla ifike wakati wa yuloji

Kuka wangu, yaani babu kwa Kibukusu, alipozikwa wasifu wake, ile yuloji, ulisomwa dakika nne. Niliandika mimi mwenyewe, saa nane usiku, kwa simu, nimeegemea tanki la maji nje ya tenti juu huko ndani disko la matanga lilikuwa limeshika, na watu watano wananitupia tarehe tofauti tofauti. Alizaliwa 1936 (hapo tulikadiria tu), akasoma mpaka la nne, akaoa, akajaliwa watoto 9, alikuwa mkulima mwenye bidii na mcha Mungu, ametuacha. Basi. Ukitoa jina ungeweza kumsomea mzee yeyote kuanzia Webuye mpaka Malaba na hakuna mtu angeshtuka. Halafu siku ya mazishi, familia ikishamaliza kuongea, mzee mmoja ambaye hatumjui akainuka na bakora yake akasema yeye na marehemu walikuwa genge moja la reli miaka 11, wakirekebisha njia kati ya Broderick Falls, ndio hiyo Webuye ya sasa, na Turbo, na kwamba marehemu ndiye alikuwa anaimbisha wenzake wakati wa kuinua chuma. Kuka kuimba! Mimi nimekaa na huyo mtu likizo zote za utoto wangu na sijawahi kumskia hata akipiga mluzi.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikirekodi wazee kila nikitoka Nakuru kuenda nyumbani. Nilianza na kukhu (nyanya), nikaingia kwa masenge (mashangazi) wawili, halafu majirani, na nimeharibu mambo mengi njiani, kwa hivyo wacha niwaambie vile nafanya siku hizi, achukue mwenye atachukua.

Kitu ya kwanza, usianze na "ulizaliwa lini". Najua form zote zinaanza hapo lakini mzee ukimuuliza hivo anaona ni kama chifu amekuja na kitambulisho, anakaa wima, anaanza kukujibu kama mtu yuko ofisini, na zaidi ya hayo wengi hawajui na watakupa ule mwaka chifu aliwakadiria. Pia usianze na shamba. Nakuapia, ukianza kwa kuuliza mpaka wa babu ulikuwa wapi na nani alipanda ile miti, ba mdogo wako ataskia kabla jua lizame na kesho asubuhi yuko hapo anataka kujua nani amekutuma. Hiyo mambo ya mipaka ikija yenyewe kwa stori iache ipite, usiishike.

Anza na kazi ya mikono, na ikiwezekana mkiwa mnaifanya. Kukhu nilimkalisha mara mbili kwa kiti ya sebule, simu mezani, nikamuuliza maisha yako ya utotoni ilikuwaje kukhu, akasema "ilikuwa tu mzuri", akanyamaza, akauliza kama nimekula. Mara ya tatu nilimpata nyuma ya jikoni anapukuchua mahindi kwa gunia, nikachukua kigoda nikaanza kupukuchua pia, vibaya, na baada ya kama dakika kumi akaangalia vidole vyangu akacheka akasema wewe kwa huyo mzungu hungekula. Mzungu gani? Kumbe akiwa mtoto wa kama miaka tisa baba yao aliwapeleka Kitale kwa shamba la settla, wakakaa huko kama maskwota, mama anavunja mahindi, yeye amebeba mdogo wake mgongoni anafuata nyuma akiokota yale yaliyoanguka. Posho ilikuwa inapimwa Jumamosi. Walikuwa wanapewa na maziwa ya mashini, yale yametolewa siagi, meupe kama maji ya kuosha mchele, na yule mzungu walimuita Kipara, na mbwa wake alikuwa anabweka watu weusi peke yao. Haya yote kwa sababu ya gunzi! Akawa anaongea na mkono unaenda, haangalii mtu, na hapo ndio niligundua mzee akiwa na kitu mkononi hajihisi anahojiwa.

Kwa hivyo enda na kazi. Kuchambua mboga ya murere, kuchagua maharagwe, kukaza kamba ya kitanda, kupeleka ng'ombe mtoni. Wanaume wengi wanafunguka wakitembea, so mwambie akuonyeshe njia yenye walikuwa wanatumia kuenda shule ama sokoni, na mtembee pole pole kwa mwendo wake. Vitu pia vinasaidia kuliko maswali. Mimi hubeba sarafu za zamani za shilingi ya Afrika Mashariki, zile za shaba zenye tundu katikati, zilikuwa zinatumika kabla Kenya itoe pesa yake 1966. Ukiweka ndururu moja, ile ya senti tano, kwa mkono wa mtu wa miaka 85 utaskia bei ya chumvi, bei ya sukari guru, mahari ya dada yake na nani alikuwa mwizi sokoni. Picha za zamani sawa, lakini usiulize "huyu ni nani" peke yake, uliza hizo nguo zilikuwa za nani, maana picha nyingi za studio watu waliazima koti.

Usiende mikono mitupu, hiyo hata sihitaji kueleza. Sukari, majani, mkate, kipande ya sabuni. Kama ni mzee si wa familia yenu pitia kwa mtoto wake ama kwa mjukuu wake kwanza. Na ombeni ruhusa ya kurekodi kwa lugha yake, umwonyeshe simu, umchezee sauti yake sekunde kadhaa ajiskie. Wengine hufurahi sana, wengine watasema toa hiyo kitu, na ukiambiwa toa unatoa, unaandika kwa daftari usiku ukikumbuka.

Sasa mambo ya simu juu hapa ndio watu hulia. Zima laini kwa ile alama ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati na rekodi itakatika na hutajua mpaka ufike nyumbani. Usikalie sebule ya mabati kuanzia saa tisa mchana. Mtu wa Western anajua, mvua ikishuka kwa mabati hata mkiwa mmekaribiana hamskizani, na mimi niko na dakika 40 za jirani yetu akieleza vile walijenga kanisa ambazo ukizicheza unaskia tu mlio kama wa kikaango. Fanya asubuhi ama saa nne, chini ya mti, mbali na redio na mbali na jogoo. Simu usiilaze kwa meza ya mbao moja kwa moja, kila akigonga meza inaruka, ikunjie shuka ama leso chini yake. Na nusu saa hadi dakika 45 inatosha, mzee anachoka na hatakwambia.

Halafu hiyo hiyo usiku nakili. Si kesho. Desemba moja nilirudi Nakuru na rekodi tatu za senge mkubwa, masaa mawili na zaidi, simu ikachomolewa kwa mfuko hapo stendi nikishuka matatu, na senge mwenyewe aliugua Februari akapoteza sauti. Ziko wapi sasa? Kuna mtu aliziflash akauza simu. Siku hizi nikimaliza natuma kwa WhatsApp ya binamu yangu kama dokumenti, naweka nyingine kwa flash diski, na jina la faili naandika tarehe, mtu na kitu kimoja cha kukumbusha, kama "2023-12-27 kukhu mahindi", maana ukiwa na "Recording 14" mpaka "Recording 31" ni kama huna kitu.

Tukuje kwa miaka. Yuloji inataka mwaka na watoto wa mzee wanataka mwaka, kwa hivyo lazima utafute, lakini unaitafuta kwa mlango wa nyuma. Unamfunga mtu kwa tukio. Uliza wakati wa mvua ya uhuru, ile ya mwisho wa 1961 iliyobeba madaraja na ziwa likapanda kule Kisumu, ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni? Alikuwa anatembea? Uhuru wenyewe 12 Desemba 1963 ulikuwa umelala wapi? Mboya alipopigwa risasi, Jumamosi 5 Julai 1969, nani alikuletea habari? Kenyatta alipokufa 22 Agosti 1978 ulikuwa unapika nini? Maziwa ya Nyayo ilianza 1979, so mtoto yupi alikuwa anakunywa shuleni? Ile Jumapili ya 1 Agosti 1982 redio ilisema serikali imepinduliwa, mlikuwa kanisani ama? Ukiwa na majibu kama matano hivi unaweza kukadiria mwaka wa kuzaliwa, wa ndoa na wa kila mtoto, na tofauti haizidi miaka miwili. Angalia tu mahindi ya manjano. Kila mtu atakwambia "ilikuwa mwaka wa mahindi ya manjano" na watu wanaandika 1984 haraka haraka, lakini mahindi ya manjano kutoka Marekani ilikuja pia 1965, kwa hivyo uliza nani alikuwa rais.

Kwa wanaume Wabukusu kazi ni rahisi zaidi. Tohara ni mwezi wa nane kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na marika ni manane yanazunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Hakuna mwanaume atasahau aliingia mtoni na nani. Muulize bakoki wake, wale walitahiriwa naye mwaka mmoja, ni akina nani, kama kuna mmoja anajulikana mwaka wake basi umewapata wote. Wenzetu Wakalenjin huku upande wa Nakuru wana yao na majina mengine utaskia yanafanana, Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, ila usihamishe miaka yetu kuipeleka kwao, hayaendi pamoja.

Majina ya kuzaliwa nayo yanaongea. Wafula na Nafula ni mvua, Wekesa na Nekesa mavuno, Wanyonyi palizi, Simiyu na Nasimiyu kiangazi, Wanjala na Nanjala njaa, Wangila na Nangila mama alijifungulia njiani, Barasa kulikuwa na baraza. Majirani wetu Wajaluo wao wanakupa saa kabisa, Otieno usiku, Ochieng jua limewaka. Sisi msimu, wao saa, na mwaka hakuna aliyeandika. Na usikimbie sana na hii maana mtu anaweza kuwa Wanjala kwa kurithi tu, babu alikuwa Wanjala, na siku amezaliwa maghala yalikuwa yamejaa. Uliza: hilo jina ni lako ama ni la mtu?

Karatasi pia zipo. Kadi za ubatizo za Wakatoliki zinasaidia sana na parokia za zamani zimeweka vitabu, ukienda kwa heshima na mhudumu wa ofisi ana muda utaona hata majina ya wazazi. Lakini kama mzee ni wa kanisa la Friends usihangaike kutafuta kadi ya ubatizo, hao Wakweka hawabatizi kwa maji tangu wamisionari wao wafike Kaimosi 1902, tafuta cheti cha ndoa ama orodha za mkutano. Cheti cha Komoni Entransi cha darasa la nne, kadi ya kliniki, barua za kazi, risiti za kodi, kitabu cha posta. Viko kwa sanduku ya bati chini ya kitanda, na nyingi zimeliwa na mchwa. Piga picha palepale, usiombe kwenda nazo. Mzee amepeana karatasi mara ngapi na hazikurudi?

Kitu moja ya hesabu watu wanakosea: mtu wa miaka 85 leo alizaliwa karibu 1940. Keya, lile jeshi la Waingereza la KAR, na Burma ya vita vya pili ni mambo ya baba yake. Kariakoo, ile ya kubebea Waingereza mizigo vita vya kwanza, ni ya babu yake. Kipande cha shingoni, kile kitambulisho cha wakoloni, pia ni cha baba. Kwa hivyo usimsukume aseme mambo ambayo hakuona, badala yake muulize baba yako alirudi na nini kutoka vitani. Jirani yetu mmoja alinijibu: blanketi, neno moja la Kihindi, na tabia ya kuamka usiku kuzunguka nyumba. Sijawahi kusoma kitu kizuri kuliko hicho juu ya Burma.

Kuna mahali pa kunyamaza. Watoto waliokufa, vita vya ardhi vya 1991 na 1992, yale ya 2008 baada ya uchaguzi, yaliyotokea Mlima Elgon. Risasi za Malakisi za Februari 1948, polisi walipofyatulia wafuasi wa Dini ya Msambwa, ile dini ya kienyeji iliyopinga wakoloni, wengine wataeleza kama stori tu maana walikuwa wadogo, wengine walipoteza mtu na hiyo dini ikapigwa marufuku na jina la familia likabaki na doa. Mimi siulizi. Ikija, naacha ije, nafunga mdomo na siangalii simu. Kukhu alikuwa anahesabu watoto wake akafika wa nne akaruka, nikajifanya sijaona, siku ya tatu akarudi mwenyewe akasema yule wa nne alikuwa anaitwa fulani, alikaa miezi minne, alikuwa anacheka. Akasema zima hiyo kitu. Nikazima. Hiyo sehemu haiko mahali popote na haitakuwa.

Na kama mzee alikuwa na wake wawili au watatu, nenda kwa kila jikoni. Usichukue stori ya nyumba kubwa ukaiita stori ya boma. Kwetu nyumba ndogo ndio ilikuwa inajua kuka alikuwa anatuma pesa ngapi kutoka reli, nyumba kubwa ilikuwa inajua alikuwa anasema anatuma ngapi.

Mazishi yenyewe usiyadharau, ingawa umechelewa. Wazee wenzake wanakuja siku hiyo na hawatakuja tena, kaa karibu nao kwa chai na uombe namba za watoto wao. Kwa mzee mkubwa wa Kibukusu kukifanywa khuswala kumuse, yule msemaji akitembea mbele nyuma na fimbo yake akieleza ukoo ulitoka wapi na ulipigana na nani, watu wote wametulia, hapo utapata kwa masaa machache historia ambayo ungetafuta mwaka. Uliza familia na msemaji mwenyewe kabla ya kurekodi, na ukikatazwa kaa uskize. Mimi kwa ya kuka sikuuliza mtu, nilikuwa busy na kuandaa chakula cha wageni, na yule mzee wa genge la reli akaondoka na pikipiki kabla nimfikie. Nimemtafuta Turbo mara mbili.

Kuandika sasa. Andika vile alisema, kwa lugha alisema, halafu Kiswahili chini yake. Kama alisema kitu mara mbili, andika mara mbili. Wajukuu wa town wana ugonjwa wa kusafisha, wanageuza "tulikuwa tunakula mara moja na hiyo moja tulikuwa tunagombania" inakuwa "maisha yalikuwa magumu", na hapo umemzika kabla afe. Saa moja ya sauti itakuchukua masaa matano ama sita kuandika, usidanganywe, fanya dakika kumi kwa siku. Programu za simu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinajaribu Kiswahili lakini mzee akiingiza Kibukusu zinaandika upuzi mtupu.

Sio lazima iwe kitabu. Yangu ilikuwa kurasa 38, fonti kubwa ili wazee wasome bila kusumbuka, nikaprinti moja kwa saiba hapa Nakuru, nikatoa fotokopi 15, nikapiga stepla na kufunga na selotepu ya kahawia mgongoni. Kabla ya kutoa kopi zote ungefaa upeleke ile moja ikasomwe kwa sauti mbele ya wenyewe. Mimi nilifanya kinyume, nikafika nazo zote 15 Desemba nikijiskia. Mdogo wake kukhu alichukua biro akaanza kusahihisha ukurasa wa pili: ng'ombe wa mahari hakuwa mwekundu alikuwa mweupe, na hawakuhama Kitale kwa lori, walitembea mpaka stesheni. Kukhu akasema lori lilikuwepo. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Nimeacha yote mawili, lori kwa ukurasa na stesheni pembeni kwa mwandiko wa huyo mdogo wake, maana mmoja alikuwa na miaka kumi na tatu na mwingine alikuwa anabebwa, na sijui nani kati yao alikuwa anaona vizuri.

Kukhu alisomewa yote na binamu yangu, siku mbili, akiwa amefunga macho nikafikiri amelala. Ilipoisha akauliza mbona sikuandika jina la mbwa. Mbwa gani kukhu? Mbwa wa Kipara. Alikuwa anaitwa Taiga. Nikaandika kwa biro, kopi zote 15, ukurasa wa 6.